Mwaka Tuliobadilisha Umeme wa Mzee Shaibu

Mzee Shaibu alizikwa Ijumaa baada ya swala, nami nilifika nimechelewa. Kutoka Saza hadi Mbalizi barabara ilikuwa na matope, na gari nililopanda lilisimama kila penye abiria, kwa hiyo nilipoingia Tunduma wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, suruali zimekunjwa na viatu vimejaa udongo mwekundu. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia sebuleni walikokaa wanawake, nikatafuta nafasi kwenye mkeka karibu na ukuta. Hidaya, mtoto wake wa pekee, alinikumbatia, akawaambia waliokuwa karibu, "Huyu ndiye Enesia, fundi aliyeweka umeme wa nyumba hii." Wanawake wakatazama taa, kisha wakanitazama mimi. Mmoja wao, mpwa wa marehemu aliyetoka Tanga, akaniuliza kama niliwahi kuishi hapa. Nikamjibu niliishi mwaka mmoja, chumba cha uani. Akaitikia kwa heshima, akageukia wenzake, wakaendelea kumzungumzia marehemu: malori yake ya zamani, ukali wake kwa madereva, safari zake za Kongo. Kila mmoja pale alikuwa na miaka yake mingi ya kumjua. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu, lakini mwaka huo hakuna mwingine mle ndani aliyekuwa nao. Tuliouishi tulikuwa watatu, na sasa nimebaki peke yangu.

Habari za kwetu Mbozi nitaziacha, maana katika mwaka ule hazikuwa na kazi. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nimesomea umeme wa majumbani, na nilipata kibarua kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na mpaka. Niliuza nyaya, swichi na misumari. Mteja akiingia alikuwa akinitazama, kisha anauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikimwambia ni mimi, anacheka kidogo na kusubiri mwenye duka arudi. Wateja kutoka upande wa Zambia walinisalimu "Mulishani," nikajifunza kujibu, lakini salamu hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu marefu ya siku nyingi. Tunduma ni mji wa watu wanaopita. Unamzoea mama wa genge, wiki inayofuata genge lina mtu mwingine. Jioni nilirudi kwenye chumba changu nyuma ya nyumba ya Mzee Shaibu, nikawasha jiko la mkaa barazani, nikapika ugali na dagaa, nikala nimekaa kitandani kwa sababu kiti sikuwa nacho. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ukuta wa nyumba kubwa. Nyuma ya ukuta huo ilikuwa sebule ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba aliishi humo peke yake.

Hatukuwa tunazungumza. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Basi. Lakini kila jioni baada ya swala ya magharibi alimpigia simu mkewe, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka kwa miaka ya injini za malori, aliongea kwa sauti kubwa na kuiweka simu ipaze sauti. Mkewe, Mama Hidaya, alikuwa amelazwa Mbeya kwa maradhi ya mapafu. Hivyo nilimjua kwa sauti kabla sijamwona. Ilikuwa sauti nyembamba, inayovuta pumzi katikati ya neno, lakini yenye utani wa watu wa pwani. "Umekula nini leo, bwana?" "Wali." "Na nini?" "Wali tu." "Basi huo si wali, hiyo ni adhabu." Walikuwa wakizungumza hata ugali wangu unapoa. Walisemezana habari za Pangani walikotoka, za jirani aliyefariki zamani, za kuku. Aliulizia kuku wake kila jioni na Mzee alimjibu hawajambo, ingawa kuku wenyewe walikuwa wameshakufa kwa kideri tangu mvua zilipoanza. Nilikuwa naketi gizani mwa chumba changu nikisikiliza bila haya. Leo najua kwamba kusikiliza watu wanaopendana wakati wewe huna wa kusema naye kuna ladha ya chumvi kwenye kidonda, lakini sikufunga dirisha hata siku moja.

Asubuhi moja ya Jumapili alinikuta nafua uani. Alisimama kwa muda akiwa ameshika kofia yake mkononi, kisha akasema, "Binti, wewe si umesomea umeme?"

"Ndiyo, mzee."

"Wanataka kumruhusu mama. Lakini atakuja na mashine ya kumpa hewa. Daktari ameniuliza kama umeme wa nyumbani unaaminika. Nimemwambia unaaminika."

Akaniongoza hadi koridoni, palipokuwa na boksi la umeme. Lilikuwa limepigiliwa kwenye ubao tangu nyumba ijengwe, swichi kubwa moja na fyuzi chache za zamani, zile za kuzungushia waya. Mlango wa boksi ulikuwa mweusi kwa moshi. Kila fyuzi ilipokata, Mzee alizungusha waya mwenyewe, na kwa kuwa waya mwembamba ulikatika upesi, aliweka mnene zaidi, hadi mahali pengine palikuwa na msumari. Nyaya zilizotoka humo kwenda vyumbani zilikuwa zimekauka maganda. Waya wa kwenda ardhini ulitoka nje ya ukuta na kuishia hewani, haujagusa udongo. Nilimwuliza ni vitu gani anataka viwake. Akavitaja: mashine ya hewa, jokofu la dawa, pampu ya kisima, na hita ya maji ya kuoga, kwa sababu mkewe alikuwa mtu wa pwani na baridi ya Tunduma ilikuwa inamtesa hata alipokuwa mzima.

"Mzee," nikasema, "hapa tusiweke mashine ya mgonjwa. Inabidi tubadilishe vyote. Boksi, nyaya, hata waya unaotoka kwenye nguzo."

Akaufunga mlango wa boksi. "Nyumba hii inawaka umeme tangu wewe hujazaliwa."

"Ndiyo, mzee."

"Nilikuomba uangalie. Sikukuomba ubomoe."

Nikarudi kwenye nguo zangu. Kesho yake alimleta fundi mwingine, mtu mzima wa mtaa wa pili, akabadilisha fyuzi na kuondoka. Siku chache baadaye, mchana, nikiwa nimerudi kula, nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Nilipoingia ndani Mzee alikuwa amesimama koridoni, pasi mkononi, akitazama moshi ukitoka kwenye boksi na kupanda dari. Alikuwa anapiga pasi kanzu ya kwendea Mbeya. Nilikata swichi kubwa kwa mpini wa ufagio. Nilifungua mlango na madirisha, moshi ukatoka. Hakusema nilikuwa sahihi wala mimi sikusema. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akauliza taratibu, "Hii ingetokea yeye akiwa amelala humu na ule mrija puani?" Akasema, "Utaanza lini?"

Kazi ile ilichukua miezi, kwa sababu mengi hayakuwa mikononi mwetu. Ofisi ya umeme ilitakiwa kuja kupima na kubadilisha waya wa nguzoni uwe mnene, nasi tukangoja. Mwalimu wangu wa chuo, aliyekuwa na leseni, alikubali kuja kukagua na kuidhinisha, naye tukamngoja. Katikati ya kungoja nilichimba kuta. Nilikuwa nikitoka dukani nabadilisha nguo, naingia ndani na tindo na nyundo, na Mzee ananishikia ngazi. Nilipitisha mabomba, nikavuta nyaya mpya, nikakipa chumba cha mgonjwa njia yake peke yake ili pampu ikileta matata isimguse. Tulipigilia ardhini nyuma ya bafu fimbo ya shaba ya kushika ule waya uliokuwa ukiishia hewani, yeye akipokezana nami nyundo, akihema, akikataa kupumzika. Mwishowe nikafunga boksi jipya, jeupe, lenye breka, zile swichi zinazojikata zenyewe umeme ukizidi, zilizopangwa safu, na chini yake betri kubwa za kushika mashine umeme ukikatika. Kila breka niliiandikia kwa kalamu: pampu, jokofu, bafu, sebule. Nilipofika kwenye ya chumbani nikamwuliza niandike nini. Akafikiri. "Andika Mama."

Ndani ya miezi ile ndipo nilipoanza kula kwa watu. Mwanzoni aliniachia sahani juu ya ngazi, imefunikwa sahani nyingine, bila kusema kitu. Baadaye tukala pamoja, kwenye meza ya sebuleni iliyofunikwa vumbi la plasta, wali wake ule usio na mboga, nami nikaongeza dagaa wangu. Alinisimulia habari za barabara, jinsi ya kulala Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, ukiwa umefunga mlango wa lori kwa waya, madereva aliowapoteza. Hakuniuliza kwetu ni wapi. Sikuudhika. Nilikuwa nimechoka na upweke kiasi kwamba kusimuliwa tu, hata kama msimuliaji angemsimulia yeyote aliyekaa pale, kulinitosha. Na simu za magharibi ziliendelea. Sasa nilizisikia nikiwa juu ya ngazi, ndani ya nyumba ileile. "Kuna kelele gani hapo?" Mama Hidaya aliuliza. "Fundi anatoboa ukuta." "Usimwache atoboe karibu na kabati langu." "Hatoboi." Nilikuwa nimeshatoboa, na Mzee alinikonyeza. Nakumbuka kukonyezwa huko kuliko mambo mengi makubwa yaliyonitokea baadaye.

Mama Hidaya aliletwa mwanzoni mwa kipupwe. Sauti ile niliyoizoea ilikuwa imetoka kwenye mwili mdogo sana. Gari la kukodi lilisimama mlangoni, Mzee akambeba hadi ndani, nami nikafuata na mashine. Nilipoiwasha ilinguruma na kutulia, akavuta pumzi, akatazama dari, akatazama swichi mpya, kisha akanitazama. "Kumbe fundi ni mwanamke. Bwana hakuniambia. Kila siku ananiambia fundi, fundi, nikafikiri lijanaume limevaa buti kwenye zulia langu." Aliomba kitanda kisogezwe dirishani, upande wa barabara, asikie malori. Maji ya moto yalipotoka bafuni siku hiyo, Mzee aliweka mkono chini yake akauacha hapo hadi nikamwita.

Nilitegemea kwamba sasa nyumba ingejaa maneno. Haikuwa hivyo. Watu wawili waliozungumza kila jioni kwa miezi, walipowekwa chumba kimoja, walinyamaza. Mzee aliketi kwenye kiti kando ya kitanda akitazama mrija, akitazama taa ya kijani ya mashine, akiinuka kila mara kwenda koridoni kuangalia breka. Mke alitazama dirishani. Nilipoleta chai walinishukuru wote wawili kwa haraka, nikaona wamefurahi kuingiliwa. Nilirudi chumbani kwangu magharibi, nikakaa mahali pangu pa kusikilizia, na upande wa pili wa ukuta palikuwa na mngurumo wa mashine tu. Nilijihisi nimenyang'anywa kitu ambacho hakikuwa changu.

Alasiri moja nilikuwa namsaidia Mama Hidaya kukuna nazi, maana jamaa zake walituma nazi kwa basi na alisisitiza nijifunze wali wa nazi kabla hajafa, alisema hivyo hivyo bila kulegeza sauti. Alikuwa ananielekeza kutoka kitandani. Mzee alikuwa ameketi pale pale, macho kwenye mrija. Ghafla mkewe akamwambia, "Baba Hidaya, hebu nenda barazani."

"Kuna nini barazani?"

"Nenda na simu yako. Unipigie."

Alimtazama akidhani homa imempanda. Lakini akaenda. Tulisikia kiti cha barazani kikilia, kisha simu iliyokuwa chini ya mto ikaita. Mama Hidaya akanipa ishara ninyamaze, akaipokea.

"Haloo."

"Haloo. Hujambo?" Sauti ilitoka kwenye simu na mlangoni kwa pamoja.

"Sijambo. Umekula nini leo?"

"Sijala. Kuna watu wanakuna nazi hapa, hawamalizi."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika, na barazani nikamsikia Mzee anacheka pia, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kabla. Wakazungumza. Walizungumza hadi nazi ikachujwa na wali ukaiva. Katika mazungumzo hayo ndipo Mzee alipomwambia, "Mama, kuku wako walikufa. Wote." Naye akajibu, "Najua, bwana. Jogoo angekuwepo ningemsikia kwenye simu." Tangu siku hiyo ndivyo walivyofanya. Jioni Mzee alitoka kwenda barazani na simu yake, amevaa koti kwa sababu ya baridi, nao wakaongea kana kwamba milima yote ya Mbeya iko katikati yao. Mimi nilijitengenezea kazi uani ili nisikie. Nimeolewa na nimeachika tangu wakati huo, na nilipokuwa ndani ya ndoa, katika siku zile mbaya za watu wawili mezani bila neno, nilimfikiria Mama Hidaya akimtuma mumewe nje ili ampate tena. Sikuwa na akili yake. Au labda sikuwa na mtu ambaye angekubali kwenda barazani.

Umeme ulikatika mara nyingi mwaka ule, kama kawaida. Betri zilishika kila mara. Mama Hidaya alikuwa hata hajui, ila kwa kuwa taa za jirani zilizimika. Nilijivuna. Nilikuwa mpweke, sina rafiki mjini, dukani bado waliniuliza fundi yuko wapi, lakini nilipita koridoni nikazitazama breka zangu na moyo ukatulia.

Kisha mvua za kwanza zikakaribia. Asubuhi moja, wakati wa chai, nilimsikia Mzee akiniita kutoka ndani, si kwa nguvu. "Fundi." Niliacha sufuria motoni nikakimbia. Sikukimbilia chumbani, nilikimbilia kwenye boksi. Nilifungua mlango, nikapitisha kidole juu ya kila breka, zote ziko juu, taa ya mita inawaka, betri zimejaa. Niligeuka kusema kila kitu kiko sawa. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mikono imelegea.

"Si umeme," akasema.

Ndani, mashine ilikuwa inaendelea kunguruma, ikitoa hewa safi kabisa. Mzee alikuwa ameshamfunga mkewe kidevu kwa ukaya, kitambaa chake cha kichwani. Tulisimama pale. Mashine ile haikujua, na mngurumo wake ukawa kitu kisichovumilika. Mzee akasema, "Izime wewe. Mimi nimejaribu, mkono haukubali." Nikaizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko nyumba, na kupitia dirishani malori yakasikika, yanapanda kuelekea mpakani.

Hidaya, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Muscat, alifika mama ameshazikwa. Alikaa hadi arobaini, akamsihi baba yake waondoke wote, akakataliwa, akarudi kazini akilia. Nyumba ikabaki na sisi wawili, nasi tukarudi kwenye salamu. Sijui kwa nini. Tulikuwa tumeona mambo makubwa mno pamoja, na hatukuwa na udugu wa kuyabeba. Ndipo nilipoitwa kazini mgodini Saza, kwenye kitengo cha umeme, nikamwambia Mzee nitaondoka mwisho wa mwezi. Akasema, "Kazi ni kazi." Sikuwa na uhakika kama amesikia.

Mashine ilikuwa ya kuazimwa, kwa hiyo tulipanga kuirudisha hospitali Mbeya siku ileile ya safari yangu. Tulipanda basi la asubuhi, mashine ikiwa imefunikwa khanga katikati yetu. Tukapita Vwawa, tukapita Mlowo, mashamba ya kahawa yakiwa yamelowa. Hospitali, kwenye korido, alikuwepo mwanamume anayeisubiri. Alikuwa ametoka Kamsamba, mama yake amelazwa wodi ileile. Aliigusa kwa woga, akauliza kama inakula umeme mwingi. Mzee akaniangalia nijibu, lakini kabla sijafungua kinywa akaanza yeye mwenyewe. Alimweleza yule bwana kwamba asiiamini fyuzi ya kuzungushia waya. Kwamba achimbie shaba ardhini. Kwamba chumba cha mgonjwa kiwe na njia yake. "Usiseme umeme wako unaaminika," alimwambia. "Mimi nilisema unaaminika." Alizungumza kwa ufasaha, amemshika bega, na nikaona ni mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akisema maneno mengi.

Tulikula chapati na maharage karibu na stendi. Baadaye akanyanyuka, akaniambia nimsubiri na mizigo, akarudi ameshika tiketi mbili za Tunduma.

"Mzee," nikasema, "mimi naelekea Saza. Leo ndiyo naondoka. Nilikuambia."

Alizitazama tiketi. "Uliniambia," akasema. "Uliniambia, kweli."

Nikataka kusema nitamsindikiza hadi nyumbani, nitaondoka kesho. Gari langu la Mkwajuni, njia ya Saza, lilikuwa linaita abiria wa mwisho, na mgodini walikuwa wananingoja asubuhi. Nilimwambia akazirudishe, wamrudishie nauli. Akasema hapana, itakuwa usumbufu, na ataweza kukaa kwa nafasi. Nilimsindikiza hadi ndani ya basi. Aliketi upande wa njia, akauinua mfuko wake mtupu, ule tuliobebea nyaya za mashine, akauweka kwenye kiti cha dirishani na kuunyoosha vizuri. Abiria mmoja akaja akauliza kama pana mtu.

"Pana," akasema Mzee Shaibu.

Yule abiria akapita nyuma. Nikamwamkia mzee wangu kwa mara ya mwisho ya mwaka ule, akaniitikia, nikashuka.